Giants kutwaa ubingwa wa 1908: je, programu imekosea?

*Swali: Mwalimu, sisi ni watu wanane tunaoishi Columbus, Ohio. Tumemaliza ligi ya kuigiza ya besiboli kwenye kompyuta. Tulichagua National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, ya mwaka 1908, kila mtu na timu yake, nami nikapata Brooklyn. Giants wa New York wamemaliza na ushindi 104, Pirates wa Pittsburgh 97, Cubs wa Chicago 95. Hadi tarehe 20 Agosti Giants na Pirates walikuwa sawa kileleni, lakini tarehe 8 Septemba Giants walikuwa mbele kwa michezo 6. Kwenye historia Cubs ndio waliotwaa ubingwa, na mwenzetu aliyekuwa nao anasema programu ni mbovu, tena mwenye Giants alimtumia mrushaji wake Mathewson kupita kiasi, inningi 431 (inningi ni kipindi ambacho kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na mechi ina tisa). Honus Wagner wa Pirates naye amepiga .322 tu, yaani mapigo safi 322 kwa kila nafasi 1,000. Brooklyn yangu imeshinda 61, wakati ile ya kweli ilishinda 53. Nimepewa kazi ya kuandika muhtasari wa msimu. Niandikeje bila kuzua ugomvi, na je, naweza kusema nimeifundisha Brooklyn vizuri? Msimu ujao wenzangu wanataka kuchanganya wachezaji wa zama mbalimbali.*

Ndugu yangu, programu yenu ni nzima, na mwenye Giants hakumdhulumu mtu. Matokeo yenu yako karibu na uwezo halisi wa timu zile kuliko hata msimamo wa mwaka 1908 wenyewe. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuwaeleza wenzako, na unaweza kulithibitisha kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na msimamo wa kweli. Cubs walimaliza na ushindi 99, wakapoteza 55. Giants na Pirates wakawa nyuma yao, kila mmoja ushindi 98 na kupoteza 56. Timu tatu zilicheza karibu kila siku kwa miezi sita, na kilichozitenganisha ni mchezo mmoja. Upande wa American League, ile ligi kuu ya pili, hali ilikuwa hivyohivyo: Detroit walichukua ubingwa kwa 90-63, Cleveland wakabaki na 90-64, kwa sababu Detroit walikuwa na mechi iliyovunjwa na mvua na haikuchezwa tena. Mwaka uliokwisha namna hiyo haufai kuwa kipimo cha programu. Ukiurudia msimu ule mara mia, bingwa atabadilika mara nyingi, na hakuna atakayekuwa ameharibu chochote.

Sasa angalia mikimbio, yaani zile alama ambazo mchezaji hupata akizunguka besi zote na kurudi nyumbani. Mwaka ule Giants walifunga mikimbio 652 na kufungwa 456. Cubs walifunga 624, wakafungwa 461. Pirates walifunga 585, wakafungwa 469. Mtaalamu wa takwimu Bill James alitupa kanuni nyepesi ya kugeuza mikimbio kuwa ushindi unaotarajiwa: chukua kipeo cha pili cha mikimbio uliyofunga, ugawanye kwa jumla ya kipeo hicho na kipeo cha pili cha mikimbio uliyofungwa. Kwa Giants, 652 mara 652 ni 425,104, na 456 mara 456 ni 207,936. Ukigawanya unapata 0.67. Zidisha kwa mechi 154, unapata ushindi 103. Fanya vivyo hivyo kwa Cubs, utapata kama 100. Kwa Pirates, 94.

Soma tena namba hizo tatu. Kwa uwezo wao wa kufunga na kuzuia, Giants wa 1908 walistahili ushindi 103 na walipata 98. Pirates walistahili 94 na walipata 98. Cubs walipata karibu kile walichostahili. Wapo wanaosema kwamba katika zama za mikimbio michache kipeo kinafaa kushushwa hadi 1.8 hivi. Ukifanya hivyo namba zote zinapungua kidogo, ila mpangilio haubadiliki: Giants, Cubs, Pirates. Kwa hiyo Giants wenu wa ushindi 104 wamefanya kile ambacho hesabu ilikitarajia tangu mwanzo.

Mwenzako wa Cubs hana budi kuelewa kwamba programu hizi hazijui nani alitwaa ubingwa. Hazina habari na ushindi 99. Kinachoingizwa ndani ni rekodi ya kila mchezaji: alisimama kupiga mara ngapi, alipiga mapigo mangapi safi, yaani yaliyomfikisha besi, ya besi mbili mangapi, alipewa besi bure mara ngapi, na mrushaji naye aliwatoa wangapi kwa straiki. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, tafuta kadi za Strat-O-Matic, mchezo wa mezani ulioanzishwa na Hal Richman mwaka 1961. Unarusha dadu tatu. Ya kwanza ikitoka 1, 2 au 3, unasoma kadi ya mpigaji. Ikitoka 4, 5 au 6, unasoma kadi ya mrushaji. Jumla ya dadu mbili zilizobaki inakuonyesha mstari wa kusoma. Matokeo yanatoka hapo, pigo moja baada ya jingine, maelfu kwa maelfu, na msimamo wa ligi hujengeka wenyewe. Kompyuta inafanya kazi hiyohiyo kwa haraka na kwa vigezo vingi zaidi. Mechi iliyoamuliwa na pigo moja la bahati jioni ya Septemba 1908 haimo ndani ya kadi ya mtu yeyote.

Bahati ina ukubwa gani basi? Timu ya wastani ikicheza mechi 154, bahati peke yake inaweza kuipandisha au kuishusha kwa ushindi kama sita, na hilo hutokea kwa kawaida kabisa. Karibu theluthi mbili ya misimu yote itaangukia ndani ya sita hizo, na theluthi iliyobaki itatoka nje. Cubs wenu wameshinda 95 badala ya 99. Pungufu la nne ni dogo kuliko mtikisiko wa kawaida. Hata Pirates, ambao kwa mikimbio yao walistahili 94, wamepata 97 bila mtu kulalamika. Mwenye Cubs ana haki ya kuumia, maana alikabidhiwa timu ambayo kila anayeijua besiboli anaiita bingwa. Lakini hana kesi.

Kuhusu Mathewson, tupime kabla ya kulaumu. Mwaka 1908 Christy Mathewson alirusha inningi 390 na ushee, akashinda mechi 37, akapoteza 11, na wastani wake wa kufungwa ulikuwa 1.43 kwa kila inningi tisa. Mwenzenu amempa inningi 40 za ziada. Chukulia kwamba kila inningi tisa za Mathewson ziliwaokolea Giants mkimbio mmoja na nusu kuliko ambavyo angefanya mrushaji wa kawaida. Inningi 40 zinaokoa mikimbio sita au saba. Katika zama zile, timu ilihitaji tofauti ya mikimbio minane au tisa ili kujiongezea ushindi mmoja. Kwa maneno mengine, uchovu wote huo wa Mathewson haukuwapa Giants hata ushindi mmoja kamili, na wao wamemaliza mbele kwa saba. Wekeni sheria msimu ujao, kwamba hakuna anayezidisha asilimia 10 ya inningi au mapigo aliyokuwa nayo kwenye historia. Ni sheria ya kawaida katika ligi za namna hii, na inafaa zaidi kwa wale wachezaji wa akiba waliopiga mara arobaini kwa mwaka mzima na wakabahatika kuwa na wastani wa .400. Hao ndio huharibu ligi kweli, kwa sababu kila kocha mjanja huwapanga kila siku. Ila kwa msimu uliokwisha, acheni Mathewson apumzike. Na mwenye Cubs akumbuke kwamba mwaka huohuo, kule American League, Ed Walsh wa White Sox alirusha inningi 464 na kushinda mechi 40. Inningi 431 zingewashangaza makocha wa leo, si wa wakati ule.

Wagner ni mfano mzuri wa kitu ambacho wengi hukosea kukieleza. Mwaka 1908 alipiga .354, maana yake mapigo 201 safi katika nafasi 568. Aliongoza National League kwa wastani huo, kwa mapigo ya besi mbili 39, ya besi tatu 19, na kwa kuiba besi 53. Ni mmoja wa misimu mikubwa kuwahi kuchezwa. Lakini nafasi 568 si nyingi kiasi cha kuifuta bahati. Mpigaji ambaye uwezo wake halisi ni .354, akipewa nafasi hizo upya, atatikisika kwa pointi 20 juu au chini bila kubadilika chochote ndani yake. Akitikisika mara mbili ya hapo, ambalo ni jambo la nadra ila hutokea, utamwona kwenye .314 au .394. Wenu amepiga .322. Katika muhtasari andika kwamba Wagner hakubahatika mwaka huu, kisha onyesha mapigo mangapi yalikosekana. Kwa nafasi zilezile 568, .322 ni mapigo 183. Kumi na manane pungufu, kwa miezi sita. Hayafiki hata pigo moja kwa wiki! Msomaji akiiona namba hiyo ataelewa besiboli zaidi kuliko akisoma kurasa kumi za sifa.

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu nani bora, fungua takwimu za ligi nzima uangalie kama mlicheza kweli mwaka 1908. Hapa ndipo programu huweza kukosea, na mara nyingi kosa ni la aliyeiweka mipangilio. National League ya mwaka ule ilipiga .239 kwa ujumla, na kila timu ilifunga mikimbio 3.33 kwa mechi. Aliyeongoza kwa homurani, yaani kupiga mpira ambao mwenyewe anazunguka besi zote kwa pigo moja, alikuwa na 12 tu, na ni wa timu yako: Tim Jordan wa Brooklyn. Ukikuta mtu ana homurani 25, basi mliacha mpira wa zama za baadaye.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi hukipenda zaidi, kwa sababu watu hukisahau. Linganisha mikimbio yote na ile ambayo mrushaji mwenyewe anabebeshwa. Mwaka 1908 wastani wa warushaji wa National League ulikuwa 2.35 kwa inningi tisa, lakini mikimbio iliyofungwa kwa mechi ilikuwa 3.33. Pengo hilo ni karibu mikimbio mitatu katika kila kumi, na yote ilitokana na makosa ya wadakaji. Glavu zilikuwa ndogo, hazikuzidi sana kiganja cha mtu. Viwanja vilikuwa na mabonde, na mpira mmoja ulitumika hadi ukawa mweusi kwa udongo na tumbaku. Kama kwenye ligi yenu pengo hilo ni mkimbio mmoja kwa kumi, basi mmecheza na warushaji wa 1908 huku nyuma yao wakisimama wadakaji wa leo. Hapo mwenye Cubs atakuwa na la kusema, kwa kuwa timu yake ya kweli ilijengwa juu ya udakaji: Joe Tinker, Johnny Evers na Frank Chance, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha. Sifa yao yote ilikuwa kutokosea pale ambapo wengine walikosea. Programu ikifuta makosa ya wengine, Cubs ndio wanaopunjwa kwanza. Nakusihi uangalie hilo kabla ya kumjibu, na umpe namba hizo mbili mkononi.

Sasa uandishi wenyewe. Najua unavutiwa kuanza na Merkle, kila anayeandika kuhusu 1908 huanza naye. Kwa wasioijua habari hiyo: tarehe 23 Septemba, uwanja wa Polo Grounds, Giants na Cubs walikuwa 1-1, inningi ya tisa, watu wawili wametolewa. Moose McCormick wa Giants alikuwa besi ya tatu na Fred Merkle, kijana wa miaka 19, besi ya kwanza. Alikuwa amepangwa siku hiyo kwa sababu Fred Tenney aliumwa mgongo. Al Bridwell akapiga pigo safi, McCormick akarudi nyumbani, watazamaji wakamiminika uwanjani. Merkle alipoona mechi imekwisha alikatiza kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo bila kugusa besi ya pili, ingawa kwa sheria alipaswa kuifikia ili mkimbio uhesabiwe. Ndivyo wachezaji wengi walivyofanya siku hizo. Evers akadai mpira, akaigusa besi ya pili, na mwamuzi Hank O'Day akaamua kwamba Merkle ametolewa na mkimbio haukuhesabiwa. Evers hakulibuni jambo hilo siku ileile: tarehe 4 Septemba, kule Pittsburgh, alikuwa amedai vilevile mbele ya O'Day huyohuyo, akakataliwa. Mechi ikaandikwa sare. Msimu ulipokwisha Cubs na Giants walikuwa sawa, ikabidi irudiwe tarehe 8 Oktoba. Cubs wakashinda 4-2, Mordecai Brown akiingia mapema kumpokea Jack Pfiester na kumshinda Mathewson.

Merkle alibebeshwa msiba huo maisha yake yote, na mimi nadhani alionewa. Tazama kilichotokea baada ya siku ile. Kati ya tarehe 29 Septemba na 3 Oktoba, Giants walikutana na Phillies, na mrushaji chipukizi aitwaye Harry Coveleski, aliyekuwa ametoka ligi ndogo, akawafunga mara tatu katika siku tano. Mara tatu! Wangeshinda mechi moja tu kati ya hizo, mchezo wa marudio usingehitajika na jina la Merkle lingesahaulika. Ubingwa ulipotelea kwenye siku hizo tano, mbele ya timu iliyomaliza ya nne, bila kelele za mashabiki waliovamia uwanja. Merkle alikuwa na sura na tukio. Coveleski alikuwa na mechi tatu za kawaida.

Hicho ndicho ningependa ukifanye kwa msimu wenu: tafuta siku tano zenu. Usitafute mechi iliyowapa watu msisimko mkubwa, tafuta kipande cha ratiba ambapo tofauti ilitokea. Wewe mwenyewe umekitaja kwenye barua, pengine bila kukipa uzito: tarehe 20 Agosti Giants na Pirates walikuwa sawa, na tarehe 8 Septemba kulikuwa na michezo sita kati yao. Huo ndio msimu wenu. Fungua kumbukumbu za mechi za siku hizo 19 uone nani alifungwa na nani, nani aliumia, ni mrushaji gani aliyerushwa akiwa amechoka. Huenda utakuta Pirates walikuwa ugenini muda wote huo. Huenda utakuta walipoteza mechi tano kwa mkimbio mmoja mmoja. Chochote utakachokikuta ndicho kiini cha maandishi yako. Kisha unaweza kuanza hivi:

"Asubuhi ya tarehe 20 Agosti, Giants na Pirates walikuwa sawa kileleni. Siku 19 baadaye Giants walikuwa mbele kwa michezo sita, na ingawa ratiba ilikuwa na mwezi mzima mbele, Pirates hawakuwakaribia tena."

Ni sentensi mbili, hazina sifa hata moja, na mtu ambaye hakuwamo kwenye ligi yenu atataka kujua siku hizo 19 kulitokea nini. Baada ya hapo mpe. Taja mechi moja kwa ukaribu, inningi kwa inningi, ile iliyobeba sura ya kipindi chote. Mechi nyingine zipite kwa mstari mmoja mmoja. Nimesoma mihtasari mingi ya ligi za kuigiza, na kosa linalojirudia ni kuzipa timu zote nane aya nane zenye urefu sawa, kuanzia bingwa hadi anayeshika mkia. Hakuna anayeisoma hadi mwisho isipokuwa mwenye timu ya nane, na yeye huanzia chini. Timu ambayo msimu wake haukuwa na jambo, ipe sentensi moja ya heshima uendelee.

Kwa Cubs, weka wazi jedwali la mikimbio waliyofunga na kufungwa kwenye ligi yenu, pembeni yake lile la 1908. Usimtetee wala usimshambulie mwenye timu. Kama alifungwa mechi nyingi za mkimbio mmoja, hiyo ni bahati mbaya, iandike hivyo. Kama mikimbio yake ilipungua kweli, tafuta sababu kwenye kikosi alichopanga. Ugomvi mwingi wa ligi hizi unatokana na mtu kuambiwa kwamba alifundisha vibaya bila kuonyeshwa ni wapi.

Na Brooklyn. Ile timu ya kweli ilikuwa dhaifu mno mbele ya lango la kupiga: wastani wa .213 kwa kikosi kizima, ilhali ligi nzima ilipiga .239. Iliponea kwa warushaji, hasa Nap Rucker, ambaye tarehe 5 Septemba aliwanyima Boston hata pigo moja safi na kuwatoa watu 14 kwa straiki. Wewe umeipa ushindi nane zaidi. Bahati tupu inaweza kuleta nyongeza ya namna hiyo au zaidi karibu mara moja katika kila misimu kumi, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kazi yote ni yako, wala siwezi kusema si yako. Piga ile hesabu ya vipeo kwa mikimbio yako mwenyewe. Ikikutolea ushindi 60 au 61, timu yako ilicheza vizuri kweli na una haki ya kueleza ulichobadilisha: ulimpanga nani kwanza kupiga, ulimpumzisha nani, uliagiza kuiba besi mara ngapi. Ikikutolea 54, basi andika kwamba mechi za karibu zilikuangukia wewe, na uwashukuru wenzako kwa ukarimu. Kwa vyovyote vile una timu ya kujivunia kihistoria. Ndiyo ile iliyokuja kuitwa Dodgers, ikamleta Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, mwaka 1947, ikahamia Los Angeles, na mwaka 2022 ikasaini vijana wawili wa Uganda.

Kuhusu msimu ujao wa kuchanganya zama, nakubaliana na wenzako kwa sharti moja: kila mchezaji apimwe dhidi ya ligi ya wakati wake kabla ya kuingizwa. Mkiingiza namba mbichi, mtapata upuuzi. Mwaka 1930 National League nzima ilipiga .303. Phillies wa mwaka huo walipiga .315 kama timu, na bado wakashika mkia kwa 52-102, kwa kuwa warushaji wao walifungwa wastani wa 6.71. Mwaka 1968 mambo yalikuwa kinyume kabisa: mrushaji Bob Gibson wa St. Louis alikuwa na wastani wa kufungwa wa 1.12, na bingwa wa kupiga wa American League, Carl Yastrzemski, alimaliza na .301. Baada ya msimu huo kilima cha mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10 ili wapigaji wapate nafuu. Sasa mweke Bill Terry wa 1930, aliyepiga .401, karibu na Wagner wa 1908 mwenye .354. Kwa macho Terry ni bora. Lakini Terry aliizidi ligi yake kwa asilimia 32, na Wagner aliizidi yake kwa asilimia 48. Programu nyingi zina kitufe cha kufanya marekebisho hayo zenyewe. Hakikisheni kimewashwa kabla ya kugawana wachezaji, maana kikiwashwa baadaye bei ya kila mtu inabadilika na mtaanza kugombana upya.

Naomba pia mfungue mlango kwa wachezaji wa Negro Leagues, ligi za wachezaji weusi waliozuiwa kuingia ligi kuu. Tangu Desemba 2020 Major League Baseball inazitambua ligi saba za mwaka 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake ziliunganishwa rasmi na nyingine. Josh Gibson wa Homestead Grays sasa anaongoza orodha ya wapigaji wa muda wote kwa .372, na wastani wake wa mwaka 1943, .466, ndio wa juu kabisa kwa msimu mmoja. Yeyote atakayemchagua asitumie mwaka huo peke yake. Ratiba zao rasmi zilikuwa fupi, mechi zake zilizorekodiwa mwaka 1943 hazifiki 80, na ule mtikisiko wa pointi 20 niliousema kwa Wagner unakuwa mkubwa zaidi hapo. Unganisheni misimu yake mitatu au minne mfululizo, mpate kadi moja. Mtabaki na mdakaji anayepiga kuliko karibu kila mtu atakayekuwa mezani kwenu, na hakuna atakayeweza kusema mmempendelea.